Fedha za Anga za Juu na Hesabu ya Ziwa Victoria

Mwaka 2023 Marekani ilitenga dola bilioni 25.4 kwa ajili ya NASA, shirika lake la anga za juu. Kiasi hicho kinazidi bajeti nzima ya serikali ya Tanzania ya mwaka wa fedha 2023/24, iliyokuwa shilingi trilioni 44.4: barabara, shule, hospitali, mishahara ya watumishi na deni la taifa, vyote kwa pamoja. Ulaya, China, India na Japani nazo zina mashirika yao, na yote yanaendeshwa kwa kodi za wananchi. Kama fedha hizo zinastahili kutumika ni swali la tangu enzi za roketi za kwanza, na mara nyingi hujibiwa huko huko fedha zinakotoka. Lakini jibu linawagusa wengi zaidi ya walipa kodi wa nchi hizo. Katika Bujora, kwenye vilima vya Kisesa, kilomita zipatazo 20 kutoka katikati ya jiji la Mwanza, hakuna anayechangia senti katika bajeti ya NASA. Hata hivyo mkulima wa mpunga na pamba wa hapo, pamoja na mvuvi wa mialo ya Kayenze na Igombe, wana sababu ya kutaka kujua fedha hizo zinaenda wapi.

Zinaenda sehemu nyingi zisizofanana. Katika zile bilioni 25.4, zaidi ya bilioni 7 zilikuwa za kuandaa safari za binadamu kwenda Mwezini na mbali zaidi. Nyingine ziliendesha kituo cha kimataifa kinachoizunguka Dunia na vyombo vinavyotumwa kwenye sayari. Kuitazama Dunia yenyewe, yaani mawingu yake, maziwa, misitu na mashamba, kulipewa takribani bilioni 2.2, ambazo hazifiki hata sehemu moja ya kumi. Anayeuliza kama anga za juu zinalipa ni lazima kwanza aseme anaulizia fungu lipi, kwa sababu hesabu ya fungu moja hailingani na ya lingine.

Afrika Mashariki iliingia katika mambo haya mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Mwaka 1960 Wamarekani walijenga kituo cha mawasiliano Tunguu, Unguja, kwa ajili ya mradi wao wa kwanza wa kumpeleka binadamu angani. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipokuwa Mmarekani wa kwanza kuizunguka Dunia, Zanzibar ilikuwa mojawapo ya vituo vilivyopokea sauti yake na taarifa za chombo chake alipokuwa akikatiza Afrika kuelekea Bahari ya Hindi. Kituo hakikuwa na roketi wala silaha, ni antena na mitambo ya redio tu. Lakini kilifika wakati wa kupigania uhuru na wa vita baridi, na Wazanzibari wengi walikitilia shaka. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kilifungwa na kuondolewa. Pwani ya Kenya, karibu na Malindi, Waitalia walisimamisha jukwaa la San Marco baharini, na kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ikarushwa satelaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Iliitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Taarifa zake zilisaidia kuthibitisha kwamba kuna nyota zilizokufa na kugeuka mashimo meusi, na mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Ni mafanikio makubwa ya elimu. Kwa Mswahili wa Tunguu au wa Ngomeni, hata hivyo, miaka hiyo ilikuwa ya kuazimisha ardhi na bahari kwa kazi ambayo matunda yake yaliliwa mbali.

Mwaka huo huo wa 1970 Sista Mary Jucunda, mtawa aliyekuwa akifanya kazi Zambia, alimwandikia Ernst Stuhlinger, mmoja wa wakuu wa sayansi wa NASA, akihoji inakuwaje mabilioni yapelekwe angani huku watoto wakifa njaa. Stuhlinger alijibu kwa barua ndefu tarehe 6 Mei. Hakudai kwamba roketi zitalisha watu moja kwa moja. Hoja yake ilikuwa kwamba vyombo vinavyoitazama Dunia kutoka juu vitasaidia kujua hali ya mazao, mvua na maji mahali pasipo na njia nyingine ya kujua. Wakati ule hiyo ilikuwa ahadi tu. Leo miaka zaidi ya hamsini imepita, na Ziwa Victoria ni mahali pazuri pa kuipimia.

Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na uvuvi wake mkubwa wa dagaa hufanyika usiku. Wavuvi hutoka jua linapozama, wakiwa na taa za kuvutia dagaa juu ya maji, na hupenda zaidi siku za giza, kwa kuwa mbalamwezi ikiwa kali taa hazina nguvu. Bahati mbaya ni kwamba usiku ndipo ziwa linapokuwa hatari. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mvua za radi hunyesha juu ya vilima vya kandokando huku katikati ya ziwa kukiwa kweupe. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto lake, na upepo kutoka Mwanza, Bukoba, Entebbe, Kisumu na Musoma hukimbilia ziwani kutoka pande zote. Pepo hizo zikikutana hazina pa kwenda ila juu, na hewa yenye unyevu inapopanda hujenga mawingu makubwa ya dhoruba kati ya usiku wa manane na asubuhi. Mtumbwi ulioondoka mwaloni chini ya anga safi unakutwa na mawimbi saa nane au saa tisa usiku, kilomita nyingi kutoka ufukweni.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kwa mwaka katika ziwa hili. Wapo watafiti wanaoona kwamba idadi halisi ni ndogo zaidi ya hiyo. Vyovyote iwavyo, ni vifo vingi, na vingi havifiki kwenye gazeti lolote.

Hapa ndipo satelaiti za Meteosat zinapoingia. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1977 na nchi za Ulaya kwa fedha za umma. Hukaa juu ya ikweta kwa umbali wa kilomita zipatazo 36,000, zikienda sambamba na mzunguko wa Dunia, hivyo Afrika nzima iko mbele ya macho yake usiku na mchana, na kizazi kilichotangulia hiki cha sasa kilipiga picha kila baada ya dakika 15. Ziwani vituo vya hali ya hewa ni haba mno. Kabla ya picha hizo, kilichojulikana kuhusu dhoruba za katikati ya ziwa ni yale waliyoyasimulia waliorudi. Kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Mbelgiji Wim Thiery kilichambua picha za miaka kadhaa, kikitafuta vilele vya mawingu vilivyo baridi mno na vinavyotokeza juu ya mawingu mengine, ambavyo ni dalili ya dhoruba kali. Matokeo waliyochapisha mwaka 2016 na 2017 yalionyesha kwamba nguvu ya dhoruba ya usiku ziwani inahusiana na radi zilizopiga nchi kavu alasiri iliyotangulia. Maana yake kwa mvuvi ni kubwa: kabla hajaivuta injini yake jioni, dalili za usiku ujao tayari zinaonekana angani.

Kuziona dalili ni hatua moja, na kuzifikisha kwa anayehusika ni nyingine. Kuanzia mwaka 2017 mradi wa HIGHWAY, uliogharamiwa na serikali ya Uingereza na kuratibiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, uliziunganisha mamlaka za hali ya hewa za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Picha za satelaiti zilisomwa pamoja na rada, ikiwemo ya Mwanza, na utabiri wa ziwa ukaanza kutolewa kwa maeneo na kwa vipindi vya siku, ukieleza upepo, mawimbi na radi kwa maneno mepesi, kisha ukapelekwa kwa redio, kwa simu na kwa vikundi vya usimamizi wa uvuvi mialoni. Tathmini ya mradi ilikadiria kwamba vifo vinavyosababishwa na hali ya hewa katika eneo hilo vilipungua kwa takribani asilimia 30. Makadirio ya namna hiyo huwa na ukungu wake. Lakini hata punguzo la nusu ya hapo lingekuwa ni watu wengi wanaorudi nyumbani asubuhi, na hakuna kampuni ambayo ingewauzia wavuvi wa dagaa huduma hiyo kwa bei wanayoiweza.

Satelaiti za sasa za Ulaya, ya kwanza ikiwa imerushwa tarehe 13 Desemba 2022, zina kifaa kinachoona radi yenyewe inapomulika, usiku au mchana. Kwa eneo ambalo ni miongoni mwa yenye radi nyingi zaidi barani, ni hatua yenye thamani ya pekee.

Kimo cha maji ya ziwa nacho kina habari yake, nayo inafaa kusimuliwa kwa utulivu. Tarehe 10 Agosti 1992 Marekani na Ufaransa zilirusha TOPEX/Poseidon, satelaiti iliyotengenezwa kupima usawa wa bahari. Ilipita kwenye kimo cha kilomita 1,336, ikituma mawimbi ya rada chini na kupima muda yanaotumia kugonga maji na kurudi. Mwendo wa mawimbi unajulikana, mahali satelaiti ilipo panajulikana, hivyo muda huo hugeuzwa kuwa umbali, na umbali kuwa kimo cha maji, kwa kosa la sentimita chache tu. Kila baada ya siku 10 hivi ilirudia njia yake ile ile. Kwa kuwa baadhi ya njia hizo hukatiza Ziwa Victoria, ziwa likapimwa pamoja na bahari bila mtu yeyote wa hapa kuomba. Warithi wake, satelaiti za Jason na kisha Sentinel-6 ya mwaka 2020, wameendeleza kazi hiyo bila kuikatiza, na vipimo huwekwa hadharani kwa yeyote kuvisoma bure.

Manufaa yake yalionekana miaka ya 2004 hadi 2006, maji yalipopungua kiasi cha kuacha mialo mikavu na gati zikining'inia. Uganda, inayoyatoa maji ya ziwa kupitia mabwawa ya Jinja, iliulaumu ukame. Wengine waliyalaumu mabwawa. Kabla ya satelaiti, mjadala wa namna hiyo ungetegemea kipimo cha nchi moja, ile ile inayolaumiwa. Safari hii vipimo vya kujitegemea vilikuwa wazi kwa Tanzania, Kenya na kwa mtafiti yeyote, na hesabu zilizofuata zilionyesha kwamba ukame ulikuwa wa kweli, lakini karibu nusu ya upungufu ilitokana na maji mengi kuruhusiwa kutoka Jinja kupita kiasi kilichokubaliwa. Mei 2020, baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2019, ziwa lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja na kuipita kidogo rekodi ya mwaka 1964, likafunika mashamba na nyumba za kandokando. Tofauti kati ya kushuka kule na kupanda huku ilizidi mita mbili. Mji unaochota maji yake ziwani, kama Mwanza, hauwezi kupanga mitambo yake bila kuyajua mabadiliko ya ukubwa huo.

Mbali kidogo na maji, huko Kisesa, swali ni la mvua. Bujora inajulikana kwa Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoasisiwa na Padri David Clement na kufunguliwa mwaka 1968, ambako ngoma na vitu vya enzi vya watemi vimehifadhiwa. Mtemi wa zamani alikuwa na wajibu wa mvua. Watu walimlimia na kumpelekea sehemu ya mavuno, naye alitarajiwa kuhakikisha kwamba mbingu hazifungi, na ukame uliozidi uliweza kumvua utemi. Jamii ya wakulima imekuwa ikilipia elimu ya anga tangu zamani, kwa sababu kupanda wiki mbili kabla ya mvua kushika ni kupoteza mbegu, na kuchelewa wiki mbili ni kupoteza mavuno.

Leo sehemu kubwa ya elimu hiyo hutoka kwenye satelaiti. Kumbukumbu za mvua za CHIRPS, zinazotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Barbara pamoja na taasisi ya serikali ya Marekani, zinaanzia mwaka 1981 na zinagawa nchi katika miraba yenye upande wa kilomita tano hivi, kwa hiyo mvua ya Magu hutofautishwa na ya Sengerema. Mtandao wa tahadhari ya njaa wa FEWS NET, ulioanzishwa na Marekani mwaka 1985 kufuatia njaa ya Ethiopia, umekuwa ukizitumia taarifa za aina hii kutabiri upungufu wa chakula miezi kadhaa kabla. Mwishoni mwa Januari 2025 serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, mtandao huo ulizimika, na ukakaa kimya kwa miezi. Mei mwaka huo serikali hiyo hiyo ilipendekeza bajeti ya NASA ipunguzwe kwa karibu robo, na fungu la sayansi kwa karibu nusu. Anayekula kwa mkono wa jirani hana kauli jirani anapoamua kufunga mlango, na hilo ni funzo ambalo serikali za Afrika Mashariki hazina haki ya kulipuuza.

Wapo wanaosema kazi hii iachiwe kampuni binafsi, hasa sasa ambapo roketi za kibiashara zimeshusha sana gharama ya kufika angani. Kwa usafirishaji, hoja hiyo ina nguvu na matokeo yake yanaonekana. Kwa taarifa zenyewe, jaribio lilishafanyika. Landsat, mfululizo wa satelaiti za Marekani za kupiga picha ardhi ulioanza mwaka 1972, ulikabidhiwa kwa kampuni katika miaka ya 1980. Bei ya picha moja ilipanda hadi zaidi ya dola 4,000, na vyuo na idara za serikali, hata za nchi tajiri, zikaacha kununua. Mwaka 2008 picha zote zilifanywa bure, na matumizi yakaongezeka mara nyingi. Kwa picha za namna hiyo ndipo ilipowezekana kufuatilia magugu maji yaliyoziba ghuba za Ziwa Victoria katika miaka ya 1990 na kuona mwaka hadi mwaka jinsi yalivyopungua baada ya mbawakavu wanaoyala kuachiwa. Taarifa ambayo mwenye kuihitaji zaidi ndiye asiye na fedha haiwezi kuendeshwa kama duka.

Upande wa safari za binadamu, hesabu inabadilika. Mwaka 2022 mkaguzi mkuu wa NASA aliliambia Bunge la Marekani kwamba kila safari ya mwanzo ya roketi mpya ya kwenda Mwezini ingegharimu dola bilioni 4.1. Landsat 9, iliyorushwa Septemba 2021, iligharimu takribani dola milioni 750. Safari moja ya roketi ile ingelipia satelaiti tano za aina hiyo na chenji ikabaki. Watetezi wa safari za Mwezini husema kwamba zinazaa teknolojia inayofaa duniani. Ni kweli kwa kiasi, lakini anayetaka kupima mvua hufika haraka zaidi kwa kutengeneza kipimamvua kuliko kwa kungoja kiangukie njiani kuelekea Mwezini. Hoja bora ya safari hizo ni ile ile ya satelaiti Uhuru: kujua ulimwengu ni jambo jema lenyewe. Serikali tajiri ina haki ya kulilipia, mradi isikate fungu la kuitazama Dunia ili kupata fedha za kusimika bendera.

Nchi za ukanda huu nazo zimeanza kutoa fedha zao. Satelaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiwa angani Mei 2018, ya Rwanda mwaka 2019, na mwishoni mwa mwaka huo Ethiopia ikarusha ya kwake kutoka China. PearlAfricaSat-1 ya Uganda, iliyotengenezwa na vijana wahandisi wa nchi hiyo wakiwa masomoni Japani, iliachiwa kutoka kituo cha kimataifa tarehe 2 Desemba 2022. Taifa-1 ya Kenya ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kwa gharama iliyotangazwa kuwa shilingi za Kenya milioni 50. Mwaka huo huo Tanzania ilitangaza nia ya kuwa na satelaiti yake. Aprili 2025 Shirika la Anga za Juu la Afrika lilizinduliwa rasmi Cairo.

Thamani kubwa ya satelaiti hizi ndogo iko kwa watu waliozitengeneza, kwa kuwa mhandisi aliyewahi kuunda moja anajua jinsi ya kusoma nyingine zote. Kwa picha, bado haziwezi kushindana na zile zinazopatikana bure. Ndiyo maana fungu la kwanza la Tanzania lingestahili kwenda mahali penye mwanya halisi. Meteosat haipimi mvua, inapima joto la vilele vya mawingu, na kompyuta hukisia kwamba wingu baridi sana linanyesha. Wingu jembamba la juu huidanganya, na mvua ya wingu fupi lisilopanda juu huipita bila kuonekana. Makosa hayo husahihishwa kwa kulinganisha na vipimamvua vya ardhini, na katika sehemu nyingi za Afrika vituo vinavyotuma vipimo kila siku ni vichache na vimekuwa vikipungua. Kipimamvua kimoja katika uwanja wa shule ya Kisesa, pamoja na posho ya mtu wa kukisoma kila siku saa tatu asubuhi na kutuma namba yake kwa simu, hakifikii hata sehemu ndogo ya bei ya satelaiti. Vikiwa mia chache kuzunguka ziwa, kutoka Magu hadi Ukerewe na Geita, vingefanya mabilioni ambayo wengine wameshatumia yaseme kweli kuhusu mvua ya hapa.